Tumbo la Ukoo wa Salomon

Pascal alitengeneza injini za mitumbwi ufukweni Kalemie, na hakutoka chooni bila kuangalia kama kuna damu. Alianza tabia hiyo mwaka alipomzika kaka yake Barnabé, aliyekonda, akatokwa damu chini, akafa karibu na umri uleule aliokufa nao baba yao, Salomon, kwa mateso yaleyale. Sasa Pascal mwenyewe alikuwa anaukaribia umri huo. Damu hakuiona. Hata hivyo, akiwa ameinamia injini, alimsikia Barnabé akiguna nyuma ya ukuta wa mabati kama alivyoguna miezi yake ya mwisho, na spana ilimponyoka mkononi.

Ukoo ulikuwa na jibu tayari. Dada yake mkubwa, Claudine, alilisema waziwazi matangani kwa Barnabé: anayewaroga ni Mama Hélène, dada ya baba yao, mjane asiye na mtoto, anayezeeka wakati wadogo wanaisha. Hélène alihamia ng'ambo ya mto Lukuga, akalima mihogo peke yake. Hakuna ndugu aliyekula tena chakula chake.

Mwishowe Pascal alikwenda kwa daktari, Mama Lucie.

"Siumwi kitu," alisema kwa haya, baada ya kumsimulia vifo vya baba na kaka yake. "Ninaogopa tu."

"Hii njo wakati muzuri wa kupima, Papa Pascal. Ukingoja maumivu, utachelewa."

Akamweleza kwamba ndani ya utumbo mpana huota vijinyama visivyouma, na baada ya miaka kimoja kinaweza kugeuka kansa. Tumbaku, pombe na unene huongeza hatari, umri pia; lakini kuna familia ambazo watu wake hurithishana hatari hiyo. "Babu yako, baba ya Papa Salomon, alikufa na nini?"

Pascal hakujua. Aliyejua alikuwa mmoja tu.

Alivuka Lukuga. Mama Hélène alimtazama kwanza mikononi, kuona kama amekuja na fimbo. Kisha akampa kiti.

"Baba yetu alikufa na damu vilevile," alisema. "Miye njo nilikuwa ninafua nguo zake. Mama alinikataza kusema, aliona haya. Salomon alikuwa mutoto bado."

"Na wakati walisema unaroga, unakula bantu, mbona ulinyamaza?"

"Nani aliniuliza?"

Akampakulia bukari na sombe, ugali na majani ya mihogo. Pascal akanawa, akala.

Kipimo cha choo kilionyesha damu ambayo macho hayaioni. Mama Lucie akamtuma Lubumbashi, ambako walimpitishia kamera nyembamba kwa njia ya haja kubwa, wakakata vijinyama vyote walivyovikuta. Kimoja kilikuwa kimeanza kugeuka. Walimwambia awe anarudi kupimwa, na ndugu zake wapimwe nao.

Claudine alikataa. "Yule mwanamuke amekulisha, sasa unasema maneno yake."

Alikuwa amejifunga vitenge viwili ili asionekane alivyokonda. Pascal aliyaona mabega ya baba yao juu ya mwili wa dada yake. Alimsihi, akamtuma mchungaji azungumze naye, akaleta pikipiki mpaka mlangoni. Claudine alipokubali, kansa ilikuwa imefika kwenye ini. Alifariki mvua zilipoanza.

Matangani watu walisogeza viti mbali na Mama Hélène. Pascal akaenda kuketi karibu naye, akawaambia waombolezaji babu alikufa na nini, na Salomon, na Barnabé, na huyu waliyemlilia. Wengine waliinamisha macho. Wengine walinong'ona kwamba na yeye amekwisha kushikwa na uchawi. Ukweli ni kwamba hata yeye, akimwona shangazi yake ameinamia sufuria, moyo ulimruka bado, kisha aliona haya.

Jioni Princesse, binti ya Claudine, mwenye watoto wake tayari, alikuja kuketi kando ya Pascal, ameshika tumbo kwa hofu.

"Mujomba, ile kamera inauma?"

"Dawa ya kusafisha tumbo njo mubaya, utashinda chooni. Kamera yenyewe, walinilalisha, sikusikia kitu."

"Nitaenda na nani?"

"Na miye."

Princesse aliitika kwa kichwa, lakini mkono wake hakuuondoa tumboni.