Yogati ya Sufuria Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda kidogo cha maziwa kule Burnt Forest, Msimamizi aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu vyangu vya mpira.

"Wewe umetoka ziwani," alisema. "Samaki unawajua. Maziwa utayaweza?"

"Hata samaki hupikwa, Mzee. Nifundishe tu."

Wenzangu walicheka, naye akacheka. Kuanzia hapo akaniita Mama Samaki, ingawa sikuwa hata na mtoto.

Alinifundisha polepole, nami nawaeleza ninyi vivyo hivyo. Maziwa huchemshwa kwanza, ukikoroga ili yasishike chini. Kisha unayaacha yapoe mpaka kidole kilichooshwa kiyavumilie. Hapo unatia mbegu, yaani vijiko vichache vya yogati ya jana isiyo na sukari. Ukiharakisha, mbegu inakufa kwa moto. Ukichelewa, inalala tu. Halafu unafunika na huchungulii.

"Wewe ukilala," Msimamizi alikuwa akimwambia aliyechungulia, "kuna mtu anakufunua blanketi kuona kama umelala?"

Jioni tulizipanga ndoo ndani ya sanduku kubwa lenye vumbi la mbao, zikigusana, tukafunga. Asubuhi tulifungua pamoja, kila mmoja akitafuta ndoo yake. Yogati iliyoshika hutetemeka kidogo ukiigusa ndoo. Mwenye ndoo iliyokataa alichekwa mpaka chai ya saa nne.

Baadaye nilihamia mjini Eldoret, kwenye jiko la nyumba ya wageni huko Elgon View. Meneja, mama mpole aliyetaka kila kijiko king'ae, alitupatia chumba cha nyuma cha kutengenezea yogati, mimi na wanawake wengine kadhaa. Hapo pia sanduku lilijaa ndoo, na kelele zetu zilisikika hadi getini. Meneja alikuwa akichungulia mlangoni na kusema, "Jameni, wageni wanadhani kuna harusi." Nikazeekea hapo.

Nilipostaafu nilitaka kuendelea nyumbani kwangu Kapsoya. Nilitumia sufuria moja, maana naishi peke yangu. Nilifuata kila hatua, lakini asubuhi nikakuta maziwa yamelegea kama uji wa mgonjwa. Nikarudia; yakalegea tena. Binti yangu Achieng alikuja Jumapili, akafunua sufuria, akacheka.

"Mama, si ununue tu? Supermaketi iko hapo kwa kona."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa na wenzako, Mama. Na baridi hii ya Eldoret, hata mimi sitaki kutoka kwa blanketi."

Alikuwa anatania, lakini mimi niliogopa kweli. Labda kazi ile haikuwa yangu. Labda ilikuwa ya chumba kile, na nimeiacha huko.

Alipoondoka nilikaa nikilifikiria sanduku letu. Ndoo zilikuwa zikigusana. Kila moja ilipata joto kwa jirani yake. Sufuria yangu haikuwa na jirani. Basi nikachukua katoni, nikatandika blanketi kuukuu, nikaweka sufuria katikati. Nikajaza chupa maji ya moto, nikazisimamisha kuizunguka mpaka pasibaki nafasi, kisha nikafunga.

Nanyi mkiwa na sufuria moja tu, fanyeni hivyo, wala msikate tamaa. Asubuhi yogati ilikuwa imeshika, inatetemeka vizuri, na uchachu wake ni uleule wa zamani. Nilimpigia Achieng, akapiga vigelegele kwenye simu.

"Niwekee bakuli, Mama! Usimalize!"

Tangu hapo haijanikataa. Ila kila asubuhi nikifungua katoni, natoa sufuria yangu kwanza, halafu natoa moja moja zile chupa zilizokaa mahali pa ndoo za wenzangu, na ndani yake hamna kitu ila maji yaliyopoa.