Fundi fremu wa Levolosi na ukurasa uliochorwa mara mbili

Saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, Jumamosi. Naisula Mollel hajagusa kioo alichokipima tangu asubuhi. Simu yake imeegemezwa kwenye kopo la gundi, na macho yake hayabanduki kwenye skrini.

Mnada unafungwa saa kumi kamili. Kinachouzwa ni ukurasa mmoja wa katuni, umechorwa kwa wino mweusi kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya kahawia. Maelezo yanasema ni mchoro halisi wa mwaka 1989, ule uliotumika kuchapia jarida la Kokoriko. Dau limefika shilingi 640,000.

"Si wa mwaka 1989," anasema Naisula, sauti yake chini. "Na aliyeuchora nimekaa naye meza moja juzi."

Naisula, 39, ni fundi fremu katika kata ya Levolosi, jijini Arusha. Huweka kwenye fremu picha za mahafali, za harusi na za marehemu. Siku nzuri humwachia shilingi 25,000. Siku mbaya hufagia duka na kurudi nyumbani.

Miaka minane iliyopita, mteja alimletea ukurasa wa katuni autengenezee fremu. Naisula aliugeuza kwenye mwanga na kuona mistari ya penseli chini ya wino, rangi nyeupe iliyofuta makosa, na vipande vya karatasi vyenye maneno vilivyobandikwa juu ya vichwa vya wahusika.

"Kokoriko nilikuwa nalisoma nikiwa mtoto, kwetu Terrat. Nakala moja ilizunguka boma sita mpaka inachanika," anasema. "Sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya kiwanda cha uchapaji kuna karatasi moja ambayo mkono wa mtu umepita juu yake."

Jarida hilo lilikufa mwaka 1996. Michoro yake haikurudishwa kwa wachoraji. Mingine ilitupwa, mingine ilibebwa na wafanyakazi waliokuwa wanadai mishahara. Sasa huibuka mmoja mmoja kwenye kundi la minada mtandaoni, ambako watu mia mbili na zaidi hushindana kupandisha dau.

Humo ndimo Naisula alimokusanya kurasa kumi na moja. Aliwahi kuuza mtamba aliyepewa na mama yake, Nosim, ili alipie mbili. "Mama hakugomba. Aliniuliza tu kama karatasi hizo zinakamuliwa."

Kurasa hizo zote ni za Ndesanjo Mrema, aliyemchora Karani Mapozi, mfanyakazi wa ofisi ambaye kila toleo humaliza siku nzima akitafuta muhuri.

Jumanne ya wiki hii, Naisula alikuwa anausafisha mmoja wa kurasa hizo aingize kioo kipya. Kipande cha maneno kikabanduka mkononi mwake.

"Kwenye mchoro wa zamani, pale palipofunikwa hubaki peupe kuliko pengine. Hapa palikuwa na rangi ileile," anaeleza. "Maana yake karatasi ilitiwa rangi kwanza, ndipo ikachorwa."

Alifunga duka na kuzipekua zote. Mbili nyingine zilikuwa hivyohivyo. Zote tatu alizinunua kwa muuzaji mmoja anayejulikana kwenye kundi kwa jina la Calvin, kwa jumla ya shilingi 1,150,000. Na ukurasa huu wa Jumamosi umewekwa mnadani na Calvin huyohuyo.

Alhamisi alizifunga kwenye kadibodi akaenda nazo Olasiti, nyumbani kwa mchoraji mwenyewe. Alitaka kumwonyesha mzee kwamba kuna mtu anamwigiza.

Mzee Mrema ana miaka 74. Mkewe, Hedwiga, ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, mzee," alisema Naisula, akazipanga kurasa mezani. "Nimekuja uniambie nani anaiba mkono wako."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye koti la Karani Mapozi, kisha akakirudisha kidole mapajani.

"Mwambie, Baba Lucky," alisema Hedwiga.

"Hakuna aliyeiba," alisema mzee. "Nimechora mimi. Mwaka huu."

Alieleza kwamba Calvin alimfuata akiwa na nakala za zamani za jarida, akamwomba azichore upya kurasa zilizomo ili zipambe mgahawa. Alimlipa shilingi 20,000 kwa kila ukurasa. Fedha hizo zilinunua dawa za shinikizo la damu.

"Mara ya kwanza niliamini," alisema mzee. "Mara ya tatu aliniletea karatasi ambazo tayari ni za kahawia, akaniambia nisiandike tarehe. Hapo nilielewa. Sikuuliza."

Naisula anasema alikasirika, kisha akaona aibu kwa kumkasirikia mtu aliyemfanya acheke utotoni. Alimweleza kuhusu mnada wa Jumamosi, na kwamba hawezi kunyamaza.

"Ukisema, nitaitwa tapeli," mzee alimwambia. "Hata zile za kweli hazitaaminika tena. Na wewe unazo nyingi kuliko mtu yeyote."

"Najua, mzee."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu na mimi nimeshauza nyingine ya nne ya Calvin bila kujua. Nimemuuzia mwalimu, ameitundika sebuleni kwake."

Alimpa mpaka Jumamosi saa tisa awe amesema ukweli. Baada ya hapo, alimwambia, Naisula mwenyewe angesema.

Sasa saa tisa imepita, na simu kutoka Olasiti haijapigwa. Naisula anamwandikia mtu anayeongoza mnada, daktari wa Moshi aitwaye Hans, ambaye hawajawahi kuonana. Anamsihi asiongeze dau, karatasi ile si ya zamani.

Jibu linakuja baada ya dakika nne. "Dada, mbinu hiyo naijua. Unataka nijitoe ili uchukue kwa bei ya chini."

Dau linapanda hadi 700,000. Naisula anaandika ujumbe mrefu kwa kundi zima, anaufuta, anaanza tena. Hana ushahidi wa kuwaonyesha zaidi ya karatasi zake mwenyewe, na Calvin atasema alizitia rangi yeye.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili, bajaji inasimama mbele ya duka. Hedwiga anashuka kwanza, kisha anamshika mkono mumewe. Mzee Mrema amevaa koti la kanisani.

"Hiyo simu inarekodi sauti?" anauliza, kabla hajakaa.

Naisula anamwonyesha ukurasa, anamwambia anayeongoza dau ni daktari, kisha anambonyezea. Mzee anaishika kwa mikono miwili.

"Jina langu ni Ndesanjo Mrema. Ukurasa huo mnaoupigania nimeuchora mwezi wa tatu mwaka huu wa 2025, nyumbani kwangu Arusha. Kosa la kunyamaza ni langu. Daktari, naomba ukuze kisanduku cha tatu cha ukurasa huo. Nyuma ya Karani kuna kalenda ukutani. Soma Machi inaanza siku gani."

Ujumbe unaondoka kwenda kwa kundi zima. Hedwiga anatazama sakafu.

"Jumamosi," anaandika Hans. Dakika moja inapita. "Mwaka 1989 ilianza Jumatano. Nimeangalia."

Anajitoa kwenye mnada. Calvin anaandika kwamba kuna watu wana wivu na biashara za wenzao. Saa kumi kasoro dakika saba, ukurasa unatoweka kwenye kundi, na namba ya Calvin haipatikani tena.

Naisula anamgeukia mzee. "Hiyo kalenda, kwenye jarida la zamani ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, ila niliichora kwa mistari tu, bila tarehe," anajibu. "Safari hii nilikatazwa kuandika tarehe. Kwa hiyo nikaichora."

Hilo halikumaliza mambo. Wiki sita baadaye, Naisula bado hajapata fedha zake, na taarifa aliyoitoa polisi inaendelea kufanyiwa kazi. Mwalimu Sia, yule aliyeuziwa ukurasa, amerudishiwa fedha zake zote, na ili aweze hilo Naisula aliuza mashine yake ya kukatia mbao. Sasa anakata kwa msumeno wa mkono.

Kwenye kundi, wapo waliomtukana mzee. Kurasa za kweli za Karani Mapozi zimeshuka bei karibu nusu, pamoja na nane alizonazo Naisula.

"Kuna siku naamka najiuliza ningenyamaza ingekuwaje," anasema. "Halafu nazitazama zile nane. Ningekuwa naziogopa."

Kila Alhamisi huenda Olasiti na daftari. Wenye michoro huwatumia picha, mzee huzitazama na kusema ipi ni ya zamani na ipi ya juzi, na Naisula huandika. Wameshapitia kurasa arobaini na tatu. Michoro mipya mzee anaendelea kuitoa, ila sasa kila mmoja una jina lake na tarehe chini. Wa kwanza ulinunuliwa na Hans.

Novemba wanapanga maonyesho ya siku tatu kwenye ukumbi wa kanisa, kurasa za zamani na mpya zikitundikwa pamoja, kila moja na mwaka wake. Fremu zote atatengeneza Naisula.

Pengo moja limebaki. Ukurasa wa mwisho kabisa wa Karani Mapozi haukuwahi kuchapwa, kwa kuwa jarida lilifungwa wiki ileile mzee alipoupeleka ofisini. Hakuna aliyewahi kusoma kama muhuri ulipatikana.

Naisula alimwomba mzee auchore upya kwa ajili ya maonyesho. Mzee anakumbuka kila mstari, lakini alikataa.

"Ule wenyewe uko mahali fulani," alimwambia. "Nikikuchorea, utaacha kuutafuta."