Mukuye ya Mtu Mmoja

Watu wakiniuliza kwa nini hatukwenda kwenye ubingwa wa dunia, nawaambia umeme ulikatika. Wote wanaamini. Hapa Lubumbashi ukishataja umeme hakuna anayeuliza mara ya pili. Anatikisa kichwa, anakupa pole, mnaongea mambo mengine. Lakini siku ile umeme ulikuwepo. Mtandao ulikuwepo, na groupe, jenereta ya mwenye ukumbi, ilikaa nje na mafuta yake tumboni bila kuwashwa. Tulishindwa kwa sababu ya adabu, na mpaka leo nikikumbuka hasira inanipanda kichwani.

Nieleze mchezo kwanza, kwa wale ambao kama mama yangu wanadhani ni kubonyezabonyeza tu. Timu ni mbili, za watu watano watano, kila mtu na kompyuta yake, vipokea sauti masikioni na mikro mdomoni. Kila timu ina nyumba yake ya kulinda. Mkivunja nyumba ya wenzenu mmeshinda. Wakivunja yenu, mmekwisha. Hakuna anayeweza kuona uwanja wote na kupigana kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila timu inakuwa na msemaji. Yeye ndiye anayeamua nani aende wapi, na wengine wanatii papo hapo. Ukisita kidogo umekufa.

Msemaji wetu alikuwa mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa nyumbani. Watatu walikuwa vijana wa mtaani kwetu, Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile nchi, aliosoma nao. Wa tano nilikuwa mimi, dada yake mkubwa, muuza dawa kwenye famasi, ambaye wateja wengine wamekwisha kuanza kuniita mama. Nilianza kucheza ili yeye atulie nyumbani wakati mama yuko sokoni. Alikua, akanipita kwa akili ya mchezo, lakini mikono yangu ilikuwa bado inafaa. Mimi nilikuwa mlinzi: unabeba ngao kubwa, unasimama mbele, mapigo ya wote yanaishia kwako. Mtoto wa kwanza hahitaji mafunzo kwa kazi hiyo.

Shida ilianzia kwenye mdomo wa mdogo wangu. Nyumbani kwetu mkubwa haambiwi "weye". Baba, mtoto wa mtu wa reli kutoka kaskazini, alituzoesha hivyo tukiwa wadogo: anayekuzidi umri unamsemesha kwa wingi, hata kama amekaa peke yake chumbani. Muko muzuri, mulale muzuri, mukule. Kwa hiyo tangu alipojua kusema, mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, akitaka nije mezani anasema, "Yaya, mukuye." Mtu mmoja naitwa kama kijiji kizima. Mezani hilo halina taabu, bukari, ugali wetu, italiwa tu, aje mmoja au waje watano.

Kwenye mchezo ilikuwa balaa. Anataka mimi peke yangu nirudi nyuma, anasema, "Murudie nyuma." Wale vijana watatu wanasikia wingi, wanarudi nyuma nao. Anataka mimi nibaki, anasema, "Mubakie," wote wanabaki wamesimama wanapigwa kama magunia. Mazoezi ya kwanza yote tulipoteza namna hiyo. Nilidhani wale vijana ni wazito wa kuelewa, mpaka nilipokaa na kujiuliza: mtu akisema "murudie" katika fujo ile, utajuaje kwamba anamsemesha dada yake?

Tulijaribu Kifaransa. Akaniambia "vous", ambayo nayo ni ya heshima na ya wengi, na wale wengine wakija pamoja anawaambia "vous" vilevile. Tulijaribu namba, mimi nikawa namba tano. Akaniita "yaya tano", kisha akaendelea, "murudie." Nilivua vipokea sauti, nikamwambia, "Nakuomba. Mu mchezo, uniambie weye. Minakuruhusu miye mwenyewe."

"Yaya, haitoki," alinijibu.

"Itatoka. Sema."

Alisema "weye" kama anameza kidonge bila maji. Tulirudia siku baada ya siku, nikawa namkatiza kila anapoteleza, hadi sauti yangu ikawa ya mwalimu wa darasa la kwanza. Lakini ilitoka. Weye ikawa yangu peke yangu, mu ikawa ya wote. Tangu siku hiyo tukaanza kushinda. Tulishinda timu za hapa mjini, tukashinda za nchi jirani, na mchujo wa Afrika ukatufikisha mechi ya mwisho, dhidi ya timu moja ya Afrika Magharibi. Atakayeshinda ndiye angekwenda kwenye ubingwa wenyewe, ng'ambo, jukwaani, mbele ya watu.

Kwetu haikuwa mechi ya kusema tutajaribu tena mwakani. Mdogo wangu alikuwa amepata kazi machimboni Kolwezi, na mkuu wake alikubali kumngoja mpaka mechi ile ipite. Tukishinda tunasafiri wote watano, kazi itajulikana baadaye. Tukishindwa anapanda basi, na timu inakufa. Mimi nilikuwa nimekwisha kutafuta pasipoti. Uwanja wa ndege wa Luano nimekwenda mara nyingi, kila mara kusindikiza watu na kubaki nyuma ya kioo nikipunga mkono. Nilitaka safari hii mtu mwingine anipungie mimi. Nilitaka sana, sioni sababu ya kuficha.

Mechi ilikuwa Jumapili mchana. Tulikodi ukumbi Karavia, wenye kompyuta nzuri na hewa baridi. Tumeshakaa, tumeshajaribu mikro, mlango ukafunguka, akaingia mama. Ametoka misani, kavaa kitenge cha chama chake cha kanisa, kashika chupa za maji ya matunda. Hakuna aliyemwita.

"Nilikuya kuona batoto yangu," alisema. "Kila siku munasema mechi, mechi. Leo nione na macho."

Alivuta kiti, akakaa nyuma ya mdogo wangu kabisa, mkoba magotini. Nilitaka kumwomba atoke. Ningesemaje? Mwenye ukumbi alikuwa amekwisha kumletea kiti kingine chenye mto.

Tukaanza. Dakika za kwanza tulicheza vizuri. Mdogo wangu akaniambia, "Weye, kuya huku." Hapo hapo nikasikia kikohozi. Hakikuwa cha mafua. Kila mtoto aliyelelewa na mama yangu anakijua kikohozi kile; ni kifupi, kinatoka puani zaidi kuliko kooni, na maana yake ni kwamba umesikika. Kilipita kwenye mikro ya mdogo wangu, kikaingia masikioni mwetu wote watano.

Hakusema weye tena.

Mwanzoni alijiokoa. Alitanguliza jina langu la heshima: "Yaya, mubakie. Yaya, mukuye." Vijana wakisikia yaya walijua si wao. Nilimwambia kwenye mikro, kwa sauti ya chini, "Niambie weye. Achana na mama." Akaendelea na yaya, yaya. Nilikuwa naiona shingo yake, imekakamaa, na nyuma yake mama ametulia anafuata picha asizozielewa, ameridhika.

Mchezo ukapamba moto. Tulikuwa mbele, na hili nalisema kwa sababu watu wanafikiri tulipigwa tangu mwanzo. Mdogo wangu alikuwa amepenya peke yake hadi mbele ya nyumba ya wale, ameshaanza kuibomoa, alichokosa ni ngao ya kumkinga. Vijana watatu walikuwa wanalinda kwetu. Mimi nilikuwa katikati ya njia, nangoja neno lake. Lilikuwa jambo rahisi: mimi niende, wale wabaki, tumalize. Katika haraka ile neno "yaya" likamdondoka, ikabaki adabu peke yake.

"Mukuye," alisema. "Mukuye, mukuye."

Tulikwenda wote wanne. Nilipofika kwake niliona vijana watatu wanafika nyuma yangu mbio, wamejitoa kwa moyo wote, na nikajua. Nilipiga kelele warudi, lakini njia ni ndefu, na wale wa Afrika Magharibi hawakuwa wajinga. Nyumba yetu ilikuwa wazi kama soko siku ya mvua. Waliingia, wakaivunja kabla hatujamaliza ya kwao. Ikabaki kidogo sana, naweza kuchora ule ukuta na nyufa zake.

Hakuna aliyevua vipokea sauti. Kijana mmoja akauliza polepole, "Si ulisema mukuye?" Mdogo wangu akafunika uso kwa viganja. Kisha nikasikia mama.

"Imeisha? Mulishinda?"

"Hapana, mama."

"Aa, haizuru." Akaanza kugawa maji ya matunda. "Miye nilifurahi. Niliogopaka ni mambo ya kutukanana. Kumbe munaheshimiana muzuri."

Nilipokea chupa yangu. Sikuinywa. Nilikuwa na hasira na mama, na mdogo wangu, na marehemu baba pia, Mungu anisamehe. Na lililoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na mtu wa kulaumu kwa haki. Ukiwaambia watu kwamba mdogo wako amekukosesha dunia kwa kukuheshimu, watakuona wewe ndiye mwenye kasoro. Wiki ile mdogo wangu akapanda basi la Kolwezi.

Ubingwa ulipofika alikuwa nyumbani kwa mapumziko, tukautazama kwenye televisheni, yeye, mimi na mama. Wale waliotushinda walikuwa jukwaani, taa usoni, majina yao mgongoni. Siku hizi watangazaji wanaruhusu watu wasikie timu zinavyosemeshana, na wale wanasema Kifaransa. Msemaji wao ni kijana asiye na ndevu. Mlinzi wao ni mtu mzima, mvi zimeanza. Yule kijana alikuwa anamwamrisha bila kupumua: "Toi, recule. Toi, viens. Tais-toi, viens." Mtu mzima anarudi, anakuja, ananyamaza.

Kifaransa cha mama si kingi, lakini toi, yaani weye, anaijua. Akaacha kuchambua mchele.

"Uyu mutoto anasemaka na mukubwa vile?"

"Ndiyo, mama," nilisema. "Ndiyo maana beko kule."

Nyumba ya wapinzani ilianguka, watu wakasimama ukumbini, yule mtu mzima akamkumbatia yule kijana na kumbeba juu. Mama akamgeukia mdogo wangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Sasa weye, juu ya nini haukumwambia yaya yako vile?"

Mdogo wangu alinitazama mimi kwanza, kisha akatazama sakafu.

"Mama, mulikohoa."

Mama akatuangalia mmoja mmoja, mimi, yeye, hadi mlangoni, kama anatafuta watu wengine.

"Banani balikohoa?" akataka kujua ni akina nani. "Siye bote?"