Maganda ya Warigia

Jirani yangu hapa mtaani Jericho, Warigia, alirithi kwa mama yake maganda sita makavu ya tunda la muratina. Ndiyo hamira yake ya kuchachushia pombe ya asali. Aliyatia kwenye maji ya asali, na pombe ikishaiva aliyatoa akayaanika juani bila kuyaosha, maana nguvu yote imo kwenye ule utando ulioyagandia. Kwa miaka thelathini hayakuwahi kuguswa na sabuni.

Kiwanda kidogo cha bia kilimwajiri, na bia yake ya asali ikapendwa. Kisha kampuni kubwa ikakinunua kiwanda. Wataalamu wake waliyaomba maganda kwa wiki moja, wakakwangua ule utando wakauotesha kiwandani kwao, halafu Warigia akaambiwa kazi yake imekwisha.

Maganda aliletewa na dereva, yamechemshwa, meupe, yananukia sabuni.

"Tumekusafishia, mama," alisema yule dereva, na naapa alidhani ametenda wema. Mimi ningemrushia maganda yake usoni. Warigia alimwambia asante.

Alijaribu kupika mara tatu, na mara zote pombe ikatoka siki.

Jumapili iliyopita binti yake, Kui, alikuja na chupa ya bia ya asali ya kampuni ile kutoka supamaketi. Kwenye lebo wamechora bibi mwenye kitambaa kichwani, na chini yake maneno "Imepikwa kwa mikono". Warigia alionja.

"Ni ileile ya mama," akasema. "Heri wangeiharibu."

Kisha akatoka nje kuanua maganda yake, maana mvua ilikuwa imekaribia.