Mshale wa Kaskazini

Mshale ule niliuchora mimi. Niliuchora kwa rangi nyeupe iliyobaki shuleni baada ya kupaka mawe yanayozunguka mlingoti wa bendera, Jumamosi moja ya kiangazi, shangazi yangu akiwa amekaa pembeni anamenya viazi. Nimelisema hili kwenye mkutano wa kitongoji, nimelisema ofisini, nimewaambia watu mmojammoja dukani na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mpaka leo sijapata wa kuniamini.

Nafundisha historia sekondari, upande wa Ngulyati. Shangazi, dada yake marehemu baba, anaishi mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka shuleni. Alirudi kwenye mji wa wazazi wake alipofiwa na mumewe, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mwamba. Haukuwa mrefu. Ulilala chini kama ng'ombe aliyeshiba, na mgongoni ulikuwa na mashimo kumi na manne, laini kwa ndani, mengine marefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, mengine ya mviringo. Humo ndimo wanawake wa ukoo wetu walimosagia mtama na uwele kabla mashine hazijafika, na kabla yao walisaga wengine ambao hakuna anayewakumbuka. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake. Shangazi alikuwa akianika michembe, vipande vya viazi vitamu vya kukausha, juu ya mwamba huo, na kila alipoanika aliacha wazi shimo moja karibu na ukingo. Alilifagia kwa kiganja, hakupitisha ufagio. Lilikuwa la mama yake, yaani bibi yangu.

Mimi nilikulia pale, nikala michembe pale, nikateleza pale mpaka gauni la shule likatoboka, na sikuwahi kuwaza kwamba nimekalia historia. Historia ilikuwa kitu kilichowatokea watu wa mbali, wenye picha vitabuni. Nikaja kuwa mwalimu na nikawafundisha wanafunzi wangu hivyohivyo, miaka mingi, bila haya.

Kilichonizindua ni wageni wawili, watafiti wa mambo ya kale waliokuwa wanapita kwa kazi yao, mmoja Mzungu na mwenzake mtu wa Dar es Salaam. Walisimama shuleni kuuliza njia, nami kwa kujidai tu nikawaambia kwetu kuna mwamba. Wakaenda kuuona, wakauzunguka nusu siku nzima. Waliokota vigae vya vyungu na mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa, kutoka kwenye majivu ya wahunzi wa zamani, wakavitazama, wakavirudisha kila kimoja palepale kilipotoka. Waliniambia kabla ya jambo lolote niandike. Niyape mashimo namba, niyapime, niyapige picha, na katika kila picha uwepo mshale unaoonyesha kaskazini, ili mtu mwingine siku nyingine ajue mwamba ulilalaje. Wakaaga, wakaenda zao.

Walimaanisha mshale wa karatasi, unaoulaza, unapiga picha, unauokota. Hilo nililijua baadaye sana. Wao hawakufafanua na mimi sikuuliza. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowaambia wanafunzi kila siku.

"Unaandika nini kwenye mawe yangu, mwalimu?" shangazi aliniuliza siku ile. Akinitania huniita mwalimu.

"Naandika namba, shangazi. Ili yasipotee."

"Yapotelee wapi? Hayana miguu."

Nilicheka. Nikamalizia namba ya kumi na nne, nikachora mshale mkubwa, mzuri, wenye kichwa kilichonyooka, nikapiga picha kwa simu, nikarudi nyumbani nimefurahi. Shimo la bibi nililipa namba tisa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo watu wa kwetu wote wanalijua. Inasemekana Mjerumani alipokimbia vita aliacha mali ardhini, rupia na dhahabu, na kwamba aliweka alama kwenye miamba ili wajukuu zake waje kuichukua. Sijawahi kukutana na mtu aliyeipata. Nimekutana na wengi waliouza ng'ombe wakiitafuta. Na mimi, mzaliwa wa hapahapa, niliyesikia hadithi hizo tangu tumboni, nilichora mshale mweupe juu ya mwamba wa kale na kuupambia namba, wiki moja baada ya Mzungu kuonekana akiuzunguka. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Shimo la kwanza la kutafuta mali lilichimbwa kabla mwezi haujaisha. Kisha la pili, kisha sikuhesabu tena. Walikuja wa kijijini, wakaja wa Bariadi mjini na pikipiki, akaja mmoja kutoka Lagangabilili na kimashine kinacholia kikipita juu ya chuma. Kikalia kweli, maana mavi ya chuma yamejaa pale. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia neno jingine.

Niliomba mkutano wa kitongoji. Nilikwenda na picha, na kopo la rangi, na brashi. Nikaeleza kila kitu kama ninavyoeleza hapa. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha akasimama jirani yetu, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye hajawahi kugombana na yeyote.

"Mwalimu, hatukatai kwamba brashi uliishika wewe," alisema. "Tunauliza aliyekutuma."

"Sikutumwa na mtu."

"Yule Mzungu alikuja na ramani, akakuachia kazi ya alama. Sisi si watoto. Lisemwalo lipo."

Watu wakaitikia kwa miguno. Ule upya wa rangi, niliodhani ungeniokoa, ndio walioufanya ushahidi. Nilikasirika, nikawaita wapumbavu, neno ambalo mwalimu hatakiwi kulitamka mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Hilo nalo likahesabiwa: mwalimu amepandwa na hasira kwa sababu anataka kula peke yake.

Jumamosi iliyofuata nikabeba mafuta ya taa na brashi ya waya, nikafuta mshale. Nilisugua kuanzia asubuhi hadi mikono ikavimba. Jioni habari ikaenea kwamba naficha alama. Wiki ile walichimba zaidi kuliko zote zilizotangulia.

Ofisini wilayani nilipokelewa vizuri. Nilikaribishwa kiti, nikasikilizwa na kijana mwenye shati safi aliyeandika yote niliyosema. Akaniambia kwa upole kwamba eneo halijasajiliwa, na lisilosajiliwa halina namna ya kulindwa. Ili lisajiliwe lazima wataalamu waje walikague. Ili waje inatakiwa barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji na kata. Niliandika barua. Ilipita. Nadhani bado inapita. Simlaumu yule kijana, na ningependa niwe na mtu wa kumlaumu.

Siku ya mwisho ya mwamba ilikuwa Jumapili. Nilikuwa natoka kanisani nilipoona moshi mweusi upande wa kwa shangazi, nikakimbia na viatu mkononi. Wanaume kama saba walikuwa wamerundika matairi na magogo juu ya mwamba, kuanzia pale ulipokuwa mshale kuelekea ukingoni, na moto umewaka tangu alfajiri. Madumu ya maji yalikuwa yamepangwa tayari. Watu wa kokoto wote wanajua kazi hiyo: jiwe likishika moto sawasawa, unalimwagia maji, linapasuka lenyewe.

Watatu kati yao niliwafundisha.

"Shikamoo, mwalimu," walisema kwa pamoja, kama darasani.

"Marahaba," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Mdomo umezoea.

"Sogea kidogo, mwalimu, mvuke utakuunguza."

Nikasogea. Mtu asipokuheshimu unaweza kupigana naye. Hawa waliniheshimu, wakaniwekea ndoo niikalie, wakamwaga maji. Mwamba ulilia mara moja, mlio mfupi, halafu ukafunguka kutoka namba mbili hadi ukingoni. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mikono imeshika kanga. Mimi nililia wazi mbele ya wanafunzi wangu wa zamani na mmoja wao akainamisha uso, kisha akachukua nyundo akaendelea.

Chini ya mwamba kulikuwa na udongo. Walichimba siku tatu wakaukuta udongo mwingine, wakaondoka. Kokoto zilizobaki zilibebwa na waliokuwa wanajenga. Kwa sasa kuna msingi wa nyumba ya mtu wenye vipande vya mashimo ya bibi zetu ndani yake, nami hupita hapo nikienda shule.

Shangazi aliokota nusu ya namba tisa. Aliiweka uani, anawatilia kuku maji humo. Michembe siku hizi anaanika juu ya bati, na anasema inanuka kutu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Tulikaa uani, tukazungumza habari za mvua na bei ya pamba. Kisha akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu. Hakuniita mwalimu. "Mimi nimezeeka. Sitamwambia mtu. Ule mshale ulikuwa unaelekea wapi?"

Yeye alikuwepo. Alikuwa anamenya viazi hatua tano kutoka nilipoinama, aliiona brashi, aliuona mkono wangu. Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Maneno yote nilishayatumia kwa wengine.

"Kaskazini, shangazi," nikasema. "Ulielekea kaskazini tu."

Akaitikia taratibu kwa kichwa, akaingia ndani kuniletea uji.

Jumamosi hii nilirudi. Nyuma ya jiko nilikuta shimo la kufika gotini, limechimbwa kwa unadhifu, udongo umewekwa upande mmoja. Jembe lake la palizi liliegemea ukuta. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo anapumzika, miguu ndani, kanga imejaa vumbi, akaniangalia namna wanafunzi wanavyoniangalia wakileta daftari lisahihishwe.

"Hapa ndipo kaskazini," akauliza, "au nimekosea?"

Hakuwa amekosea.