Cherehani Nane za Mama Vifungo

Usiku ule hakuna fundi aliyerudi nyumbani mapema. Wote wanane walijibana katika chumba namba nne, chumba cha Mama Vifungo, wakaizunguka redio iliyokuwa juu ya meza ya kukatia nguo. Bunge lilikuwa linakaa mpaka usiku kwa ajili ya bajeti, na mbunge wao, Mheshimiwa, alikuwa amewaahidi kwa kinywa chake kwamba atasimama kuwasemea.

Walichokisubiri ni kitu kimoja tu. Hali ilikuwa imekaza kwa miezi mingi. Watu waliacha kushona nguo mpya, wakawa wanaleta za zamani zitiwe viraka, kisha hata viraka wakaacha. Ofisi ya soko ikabandika tangazo ukutani: fundi asiyekuwa kwenye orodha ya nafuu atalipa kodi yote ya chumba kwa mkupuo, na asiyelipa atafungiwa mwisho wa mwezi. Nani aingie kwenye orodha hiyo, ndilo lililokuwa likijadiliwa bungeni usiku ule.

Mama Vifungo alikaa karibu na mlango, mikono mapajani, akisikiliza kwa mwili mzima. Chumba kile aliingia akiwa na miezi mitatu tangu azike mume, binti yake yuko mgongoni. Sasa binti ana miaka kumi na tisa, wanapokezana cherehani moja, mama asubuhi, binti mchana. Jina la Vifungo alilipata kwa tabia yake ya kuokota kila kifungo kilichoanguka sakafuni na kukitia koponi, hata kiwe kimevunjika nusu. Ni mwanamke mwenye jicho kali. Akiona mteja anaingia, ameshajua kiuno chake kabla ya kunyoosha futi.

"Sasa huyu anayesema ni nani?" aliuliza Mzee Pasi, aliyekuwa akinyoosha suti za watu kwa pasi ya mkaa.

"Siye wetu. Nyamaza, mzee," alisema Fundi Mapazia. Huyu ndiye shoga wa Mama Vifungo, chumba namba tano, mwanamke wa kicheko kikubwa na ulimi usiolala. "Wetu akisimama utamjua. Ana sauti ya mtu aliyeshiba."

Wakacheka. Walikuwa na moyo wa kucheka, kwa sababu ya jambo walilolifanya wiki mbili nyuma.

Ilivuma kwamba Mheshimiwa atapita sokoni kuona wafanyabiashara wadogo, na kwamba ana kazi ya sare za shule za kutoa, ila hampi mtu mwenye cherehani moja. Wazo lilitoka kwa Mama Vifungo mwenyewe. "Mgeni akija si tunaazima viti kwa jirani?" alisema. "Basi safari hii tuazime cherehani. Tuziweke zote kwangu, aone kiwanda. Kazi ikipatikana tutagawana sawa kwa sawa." Hakuna aliyepinga. Walizibeba usiku, wawili wawili, wakazipanga safu mbili, na kila fundi akakaa kwenye yake. Hata Mzee Pasi alipewa cherehani ya mkewe na kuambiwa akanyage tu, asishone chochote.

Mheshimiwa aliingia na harufu ya manukato na watu kumi nyuma yake. Akatazama safu zile, akafurahi kwelikweli.

"Hizi zote ni za nani?"

Mama Vifungo alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa maneno: kwamba wao ni kikundi, kwamba wanasaidiana. Lakini Fundi Mapazia alimwahi. "Za bosi wetu huyu, Mheshimiwa! Sisi tuko chini yake, anatulisha!"

Chumba kizima kiliitikia kwa makofi. Mama Vifungo alitabasamu, akatazama chini. Nyuma ya Mheshimiwa, katibu wake, mama mmoja wa miwani na faili la bluu, akawa anapita cherehani moja hadi nyingine, anauliza majina na kuandika.

Ndiyo maana usiku ule walicheka. Walijua wameandikwa.

Saa nne ikapita, sauti ya mtu aliyeshiba ikatoka redioni. Fundi Mapazia alipiga kofi paja. "Huyo!"

"Mheshimiwa Spika," sauti ilisema, "wanaosema biashara imekufa hawajafika mtaani. Mimi nimefika. Nimemkuta mama mmoja, watu wake wanamwita Mama Vifungo. Katika hali hii hii ngumu ana cherehani nane, ameajiri watu saba!"

Makofi yalipigwa bungeni, na makofi yakapigwa chumba namba nne. Mtu alimkumbatia Mama Vifungo kwa nyuma. Binti yake alicheka mpaka akafuta macho.

"Sasa nauliza, Mheshimiwa Spika, mama kama huyu anahitaji kubembelezwa? Hahitaji. Nafuu hii tusiimwage ovyo. Apewe fundi aliyesimama peke yake, mwenye chombo chake. Mwenye kiwanda alipe kama wenye viwanda wanavyolipa. Na anayefanya kazi chini ya mwingine, huyo ana mshahara wake, nafuu ya nini tena? Naunga mkono hoja."

Makofi ya bungeni yaliendelea. Chumbani yalikatika moja moja.

"Amesema cherehani nane za nani?" aliuliza Mzee Pasi.

Fundi Mapazia aliinua mkono, akazima redio.

Siku nne baadaye afisa wa soko alipita na karatasi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma. Alisimama kila mlango na kusoma. Fundi Mapazia: mfanyakazi, hastahili. Mzee Pasi: mfanyakazi, hastahili. Wote saba hivyo hivyo. Kwa Mama Vifungo alisoma polepole zaidi: mwajiri, atalipa kodi yote, na leseni ya kiwanda juu yake, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

"Baba, kiwanda kiko wapi?" alimuuliza. "Ingia uone. Cherehani hiyo hapo, moja."

"Naiona, mama. Lakini mimi naiona kwa macho, na hii imeandikwa." Akamwonyesha karatasi, akaikunja.

Kuanzia mchana ule alipata jina jipya. Akipita kuchota maji, anasikia: "Mpisheni mkurugenzi!" Akisalimia, anajibiwa: "Shikamoo bosi, mshahara wetu lini?" Mwanzoni walisema kwa kucheka. Baadaye hawakucheka. Mtu alimwaga majivu ya pasi kizingitini pake. Fundi Mapazia alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shoga, wewe ndiye uliyetuletea haya."

"Mimi? Nani alisema bosi wetu, anatulisha?"

"Nilikupaka mafuta, na wewe ukakubali kung'aa. Mtu akikuita malkia unakaa kitako? Ungesema siyo. Una mdomo au una kovu?"

Hilo hasa ndilo lililokuwa likimtoa Mama Vifungo usingizini. Angesema siyo. Lilikuwa neno moja.

"Nenda kwa Mheshimiwa ukaseme," alisema Fundi Mapazia. "Usiporudi na jibu, usirudi."

Alikwenda. Ofisi ya Mheshimiwa ilikuwa ghorofani, na benchi la kusubiria lilikuwa ngazini, kila anayepanda anakugusa goti. Alikaa hapo siku mbili. Siku ya tatu katibu wa miwani alimwita, akamfungia mlango, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkata kauli. Hilo lilimpa matumaini.

"Kwa hiyo," katibu alisema, "Mheshimiwa alilidanganya Bunge."

"Hapana! Mimi sijasema hivyo, mwanangu."

"Lakini ndivyo ilivyo. Alisema nane, wewe unasema moja. Mmoja wenu ni mwongo. Mheshimiwa hawezi kuwa mwongo, si ndiyo?"

Mama Vifungo alitazama faili la bluu. "Ndiyo."

"Basi njia ipo, tena nyepesi." Katibu alivuta karatasi, akaandika kwa haraka, akamsomea. Ilisema kwamba yeye, Mama Vifungo, alikusanya cherehani za wenzake kwa hila, wenzake wasijue nia yake, ili ajipatie kazi ya sare kwa udanganyifu.

"Lakini walijua. Tulipanga wote."

"Mama, nikiandika walijua, wote nane ni wadanganyifu, na mdanganyifu hapewi nafuu. Nikiandika hawakujua, saba wanarudi kwenye orodha kesho. Mimi kalamu yangu haina ubaya na mtu. Chagua."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umesema ukweli."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaita abiria, sauti ile ile, mara nyingi. Akawaza: nikiwarudishia vyumba vyao, hawatanitupa. Leo kwa yule, kesho kwa huyu, kona moja ya kuweka cherehani haitakosekana. Watu niliokaa nao miaka kumi na minane. Akaisogeza karatasi karibu na kutia sahihi kwa herufi kubwa kubwa, kama alivyofundishwa darasa la tatu kabla hajatolewa shule.

Aliporudi hakuwaambia alichoandika. Aliwaambia tu, "Mtarudishwa." Mzee Pasi alimshika mkono. Wengine walisema tutaona.

Waliona. Jumanne usiku Mheshimiwa alisimama tena. Safari hii walisikiliza chumba namba tano, na Mama Vifungo alisikilizia dirishani, kwa maana hakuna aliyemwita.

"Mheshimiwa Spika, uchumi katika nyakati ngumu unaliwa na mchwa wa ndani. Mimi mwenyewe nimefanya uchunguzi. Yule mama niliyemtaja hapa, barua yake hii, kwa mkono wake mwenyewe! Aliwatumia maskini wenzake kama ngazi. Nimewatafuta wale saba, nimewarudishia haki yao. Naomba liwe somo: tusaidie wanyonge, tuwang'oe matapeli."

Bunge lilishangilia kuliko mara ya kwanza. Ndani ya chumba namba tano, Fundi Mapazia alisema, "Kumbe!"

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jambo jipya. Mama Vifungo aliisikia vizuri pale dirishani. Alingoja mtu mmoja, hata Mzee Pasi, aseme: lakini tulipanga wote. Mzee Pasi alikohoa. Mwingine akasema, "Na mimi siku ile niliona macho yake hayajatulia." Mwingine akasema alijua tangu zamani, mtu wa kuokota vifungo vya wenzake ataacha nini? Walipomaliza kuongea, walikuwa wanaamini. Hakuwaona wakijilazimisha. Iliingia tu, kama uzi kwenye sindano.

Ijumaa afisa wa soko alileta kofuli. Alimruhusu atoe cherehani, meza na makopo. Mwenye mkokoteni alimpunguzia bei, kwa kuwa alisikia habari zake redioni na alitaka kusimulia kwamba amembeba. Jumatatu kofuli likatolewa, maana Fundi Mapazia aliomba chumba namba nne kiunganishwe na chake. Kazi ya sare ilikuwa imempata. Katibu alitafuta fundi mwenye moyo safi.

Jioni ile binti alirudi nyumbani, akakaa upande wa kitanda bila kuvua viatu.

"Mama, mama mdogo Mapazia ameniita kazini. Anahitaji wa kutoboa matundu ya vifungo. Analipa kila Jumamosi."

"Uende."

"Kuna kitu amesema."

"Uende, nimesema. Tutakula nini?"

Binti alimtazama kidogo, kisha akainama kufungua kamba za viatu.

Wiki mbili Mama Vifungo alishonea nyumbani. Hakuja mteja hata mmoja. Mtoto wa jirani tu ndiye aliyetumwa kuazima sindano, akaitwa arudi kabla hajapewa. Siku ya kumi na tano alipiga moyo konde. Aliita mkokoteni, akapakia cherehani, akaenda sokoni asubuhi. Hakutaka mengi. Kona moja tu, hata mlangoni, hata kwenye moshi wa pasi. Angeshona sare kwa nusu ya wanachopewa wengine. Maneno hayo aliyarudia njia nzima, safari hii asije akapoteza neno.

Mlango wa chumba namba nne ulikuwa umefungwa, ila ndani cherehani zilikuwa zinalia, nyingi kwa pamoja. Zilikuwa kama sita. Pengine nane. Alibisha.

"Hodi jamani. Ni mimi."

Cherehani zilinyamaza zote. Mtu alinong'ona. Alisikia kiti kikisogea, na miguu miwili myepesi ikaja mpaka karibu na mlango, ikasimama upande wa pili.

"Ukifungua," ilisema sauti ya Fundi Mapazia, bila hasira, "toka naye."

Mama Vifungo alisubiri. Mwenye mkokoteni aliuliza kama ashushe. Alimwonyesha kwa mkono: bado.

Miguu ile ikarudi. Kiti kikavutwa. Kisha cherehani moja ikaanza peke yake: mikanyago mitatu ya haraka, kituo, mikanyago mitatu. Mkanyago huo aliufundisha yeye, mguu wake juu ya mguu mdogo wa binti yake, kwenye kanyagio lile lile lililokuwa sasa juu ya mkokoteni. Ya pili ikafuata, na ya tatu, mpaka zote zikawa zinalia, na hakuweza tena kuisikia ile ya kwanza.

"Mama, nishushe au nisishushe?" mwenye mkokoteni aliuliza.

Aliinua mkono abishe tena. Ndani, mtu aligeuza ufunguo, akaufunga mlango.