Nazi za Nyumba Pacha ya Kibarani

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wathamini mjini Malindi niliingia na stashahada mpya, utepe wa kupimia, na imani kwamba haki hupatikana kwa vipimo sahihi. Mthamini Mkuu aliitikia shikamoo yangu, akautazama ule utepe, akanipa ufagio. Alisema asiyeona vumbi la ofisini hataona ufa ukutani.

Baada ya mwaka nilihamishiwa tawi la Kilifi. Huko alinijia Bi Kadzo, muuguzi wa Matsangoni. Alikuwa ameona nyumba pacha mtaani Kibarani, yaani makao mawili yaliyoshikana ukuta chini ya paa moja, akakusudia iwe nyumba yake ya kwanza ya kupangisha. Akiba yake yote ingeishia humo. Aliniuliza swali moja tu: anunue au asinunue?

Nilipima kila chumba. Nilichunguza msingi, mabati na tangi la maji. Pande zote mbili zilikuwa na wapangaji waliotulia. Muuzaji alinionyesha mkataba wa wakati aliponunua yeye, wenye muhuri wa wakili, nikaridhika. Nikaandika: anunue.

Mthamini Mkuu hakutia sahihi. Alikuja mwenyewe Kibarani kutoka Malindi, akaipita nyumba bila kuigusa, akasimama chini ya minazi miwili ya uani.

"Chuo kimekufundisha kupima kuta, mwanangu. Nazi hizi huanguliwa na nani?"

Sikujua. Mpangaji aliyekuwa akifua nguo alicheka. "Si zetu, wala si za mwenye nyumba, baba. Mkwezi hutumwa na mwenye ardhi. Sisi hata dafu la mgonjwa twaomba."

Hapo nikaona aibu. Pwani yetu hii, mtu aweza kumiliki nyumba huku kiwanja kikiwa cha mwingine. Hujenga kwa idhini, hulipa ijara, yaani kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi hubaki na miti yake. Mkataba niliousoma ulihusu kuta tu, nami sikuwa nimekwenda masjala ya ardhi kupekua hatimiliki. Muuzaji alipoulizwa alijibu kwa utulivu kwamba yeye anauza nyumba, ardhi hakuitaja.

Nilimweleza Bi Kadzo kosa langu bila kulipunguza.

"Babangu alivunjiwa nyumba kwenye ardhi ya watu," akasema. "Siwezi kupokea kodi ya mtu kwa paa nisiloweza kumhakikishia."

Hakununua. Niliichana ripoti yangu mbele yake.

Mwaka huu Mthamini Mkuu amestaafu. Katika kumuaga alisema mthamini ambaye hajawahi kuchana ripoti yake mwenyewe asiaminiwe, na wala hakunitazama. Nayaandika haya kwa wanaoingia kazini sasa: vipimo vyangu vya Kibarani vilikuwa sahihi vyote, na vingemfilisi mtu.

Bi Kadzo naye alifika kumuaga na kikapu cha nazi. Alikwisha kununua nyumba pacha ndogo kwao Matsangoni, baada ya mimi kuipekua hatimiliki yake mara mbili.

Mzee akaichukua nazi moja, akaitikisa sikioni. "Imeanguliwa na nani hii?"

"Na mkwezi wangu, baba," akajibu Bi Kadzo. "Na wapangaji nimewaambia, dafu wasiombe, wachukue tu."